Asante, mhandisi uliyewafundisha watoto wetu

Kwako mhandisi uliyejitolea kuwafundisha watoto wetu, ukaondoka bila kutaja jina: asante sana. Uliwapa vijiti, karatasi ngumu na gundi wajenge vijumba vya kuhimili upepo, ukawasha feni, wakajionea wenyewe. Paa halikusukumwa, lilinyanyuka, kwa kuwa upepo unaopita juu yake hulivuta. Ndipo ukawaonyesha kufunga paa kwenye kuta na kuta kwenye msingi, na kukaza fremu kwa kijiti cha mshazari, maana pembetatu haiyumbi kama mraba.

Kilichonigusa zaidi, na si rahisi kwa mtu mzima, ni kwamba hukumtengenezea mtoto yeyote nyumba yake. Uliuliza tu, "Imeanza kuachia wapi?" Binti yangu sasa anajua kasi ya upepo ikiongezeka mara 2, nguvu yake huwa mara 4. Mungu akubariki popote ulipo.