Julai hakuna Kaskazi

Bwana Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka na miaka wala sijapata kukuandikia, lakini ule ukurasa wa watoto wa juma lililopita, wa "pepo za dunia" kwa shairi na sayansi, umenishinda.

Shairi linaanza: "Kaskazi huvuma Julai". Wapi huko? Kaskazi hapa kwetu hushika Disemba mpaka Machi. Julai ni Kusi, tena Kusi kali. Bara la Asia likipata joto, hewa yake hupanda na kuivuta ya huku kusini. Ikishavuka ikweta hupinda kulia kuelekea Bara Hindi. Disemba mambo hugeuka. Na lau mtunzi angeandika "Kusi huvuma Julai", angepata mizani 8 kamili na kina chake kile kile. Ukweli ulikuja kumwokoa, akaufukuza! Mjukuu wangu kaandika Kusi kwenye daftari, mwalimu kamkosesha, na ushahidi wake ni gazeti lako.

Harmattan nayo eti huleta mvua Afrika Magharibi. Ule ni upepo mkavu wa vumbi kutoka Sahara, na huvuma takriban miezi ile ile ya Kaskazi yetu.

Kilichonichoma zaidi ni ule mshale wa upepo wa kutengeneza kwa mrija wa soda. Mmesema kichwa na mkia vikatwe sawasawa, pini ipigwe katikati mpaka kwenye kifutio cha penseli. Mshale wa hivyo hauoneshi kitu: upepo unasukuma ncha zote mbili kwa nguvu moja, basi unazubaa popote. Mkia lazima uwe mpana kuliko kichwa, tuseme mkia sentimita 8, kichwa 4, ili usukumwe nyuma na kichwa kitazame upepo unakotoka. Mkia ukishakuwa mzito, pini haikai tena katikati: laza mrija juu ya kidole, unapotulia bila kuinama ndipo pa kutoboa. Tundu lilegee kidogo, na baina ya mrija na kifutio tia ushanga, la sivyo utakwama kwenye mpira. Kisha mnawaambia watoto wauweke dirishani! Upepo ukigonga nyumba hujikunja na kurudi ovyo. Jengo la urefu wa mita 4 linakutaka usogee kama mita 40 ndipo uupate upepo wenyewe.

Si ajabu hata taarifa ya hali ya hewa redioni iko vile: "upepo wa kilomita 30 kwa saa", halafu msomaji anakimbilia matokeo ya mpira. Unatoka upande gani? Mwenye ngarawa wa Mkoani azifanye nini kilomita zisizo na upande?

Ombi langu dogo. Chapisheni upya ukurasa ule, na kabla haujaingia mtamboni mpelekeeni mvuvi yeyote pale bandarini Wete aukague. Ujira wake kikombe cha kahawa na kashata mbili, nitalipa mimi.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba