Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Nyuki Duniani, 20 Mei, Muheza, Tanga

Ndugu mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana. Mimea inayozunguka bustani yetu ya matikiti ni kivumbasi, kilekile ambacho wengi hukichoma kufukuza mbu. Ni mmea wetu wa asili, ukiupanda mara moja unadumu miaka, na maua yake, ingawa ni madogo na hayana urembo, hujaa nyuki. Chavua ya tikiti inanata, upepo hauibebi, na ua jike hufunguka asubuhi moja tu. Nyuki wasipofika, tunda hunyauka likiwa changa au hukua limepinda. Kivumbasi huwapa nyuki mbochi, yaani maji matamu ya maua, hata matikiti yasipochanua.

Mbegu za kivumbasi huvunwa vishada vikishakuwa vya kahawia. Visugue viganjani, upepete. Mbegu ni ndogo kama za mchicha, hivyo zichanganye na mchanga mkavu ndipo uzisie kitaluni, na usizifukie: zibonyeze tu kwa ubao. Mwagilia kwa keni yenye matundu madogo. Maji ya ndoo huzisomba zote pembeni. Kwa kawaida huota ndani ya wiki mbili.

Hapo ndipo kinyausi, ugonjwa wa miche michanga, huingia. Mche hulegea usawa wa udongo na kulala, na kesho yake jirani zake nao wamelala. Kinachouchochea ni msongamano na unyevu wa usiku, kwa hiyo punguza miche, mwagilia asubuhi tu, ondoa kivuli kidogokidogo. Ikifikisha majani sita, ihamishe wakati wa masika, sentimita 60 hadi 100 kati ya mche na mche. Samadi iliyooza, koleo moja kwa shimo, inatosha. Ikizidi utapata majani tele na maua haba.

Baada ya maua, kata kichaka kibaki sentimita 40, ukiacha matawi yenye majani, maana shina kuukuu lililo tupu huweza kukataa kuchipua. Usikate vichaka vyote siku moja, nyuki watahama.

Ndugu mgeni rasmi, tuna maombi mawili. Kwanza, simtanki la lita 1,000 kwa ajili ya kitalu wakati wa kiangazi. Pili, utusaidie kuzungumza na wazazi wenye mashamba ya mahindi jirani, wapulizie dawa ya viwavijeshi jioni, nyuki wakisharudi mizingani. Dawa ya asubuhi huwaua wakiwa kazini.

Tunaomba kuwasilisha.