Hamisi, geuza mpangilio wa kufuta interapti

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu. Draiva yako ya AHCI (kiwango cha kidhibiti kinachounganisha diski za SATA na kompyuta) nimeipitia mstari kwa mstari. Kidhibiti ni kizima, kasoro ni nini kinatangulia nini unapoishughulikia interapti, yaani ishara ambayo kifaa hutumia kuishtua CPU. Na zile dalili mbili, diski kuganda sekunde 30 na interapti kuwa karibu maradufu ya amri, kila moja ina chanzo chake.

Kuganda kwanza. Unasoma PxCI (rejista ya poti yenye amri ambazo bado hazijaisha) kujua amri zipi zimekwisha, halafu ndipo unafuta PxIS (rejista ya alama za interapti za poti hiyo). Amri ikimalizika katikati ya hatua hizo mbili, kwenye PxCI hukuiona, na alama yake umeifuta kwa mkono wako. Kama ndiyo ya mwisho kwenye foleni, hakuna interapti nyingine ya kukuamsha. Itakaa hapo mpaka uishe muda wa kusubiri wa SCSI, tabaka la keneli ya Linux (kiini cha mfumo) linalosimamia diski, yaani sekunde 30. Pengo lenyewe ni jembamba, ndiyo maana siku nyingine unajaribu mchana kutwa na huioni. Kwa hiyo soma PxIS (poti ya kwanza huanzia 0x100, kila poti ina baiti 0x80, PxIS iko 0x10 ndani yake), iandikie thamani ileile uliyoisoma, kisha usome PxCI, au rejista ya PxSACT kwa amri za NCQ (zinazopangwa foleni ndani ya diski yenyewe). Usiandike 0xffffffff kwa uvivu: biti ikiandikiwa 1 inafutika, hata ambayo hujaiona.

Interapti za ziada zinatokana na IS, ile ya 0x08, rejista ya kidhibiti inayoonyesha poti zipi zina interapti. Unaifuta wakati poti bado ina alama, basi inawaka tena papo hapo na unaitwa bure. Iache iwe ya mwisho, poti zote zikishasafishwa.

Halafu hii ya kishughulikia chako kurudisha IRQ_HANDLED (yaani 'nimeishughulikia') hata IS ikiwa 0, hapana. Ni plasta juu ya jipu. Laini ya interapti ikiwa ya kushirikiana na vifaa vingine, keneli inategemea jibu la kweli: katika interapti 100,000, zisizo na mwenyewe zikizidi 99,900, inaandika "nobody cared" na kuifunga laini. Ukiidanganya, kifaa jirani kibovu kitakula CPU na hakuna atakayejua. Rudisha IRQ_NONE (yaani 'si yangu').

Njia ya kutuma amri itumie spin_lock_irqsave, kufuli inayozima pia interapti kwenye CPU hiyo. Ukishika kufuli kwa spin_lock tupu na interapti ikaingia kwenye CPU ileile, CPU imejifungia yenyewe: kishughulikia kinangoja kufuli hiyohiyo. Na tagi (namba ya amri) iandikwe kwenye kumbukumbu zako kabla ya kugusa PxCI.

Jaribu kwa fio (programu ya kupima diski), kusoma ovyoovyo vipande vya 4k, foleni ya 32, huku ukiangalia hesabu ya interapti kwenye /proc/interrupts. Kisha jenga keneli yenye CONFIG_DEBUG_SHIRQ na ufanye rmmod (kuiondoa draiva): itakiita kishughulikia chako kabla tu ya kukiondoa, na kama kumbukumbu ya draiva umeshaiachia, itaangukia hapo.

Nitumie dmesg (ujumbe wa keneli), hasa mistari ya wakati wa rmmod. Wasalimie nyumbani.

Wako,
Rashidi