Barua ya wazi kwa Waziri wa Viwanda na Biashara: aliyetengeneza kipima unyevu anadai stika, cheti anacho

Mheshimiwa Waziri, habari za majukumu.

Mimi nanunua mahindi hapa Kibaigwa, Dodoma, mwaka wa kumi na moja sasa, na nakuandikia kuhusu kidude kimoja kinachoenea kiganjani. Unajaza mahindi kwenye kikombe chake, unabonyeza, sekunde chache kinakuletea namba, 13.1, 14.6, 16, yaani unyevu wa hayo mahindi kwa asilimia. Kimetengenezwa na kijana wetu wa hapahapa, fundi redio, na nusu ya vifaa kavitoa kwenye simu mbovu.

Mheshimiwa, sisi huku unyevu tunapima kwa meno. Unatupia punje mdomoni, ikikatika kwa mlio unasema kavu, ikibonyea unasema bado. Wengine wanatumia chupa, unatia chumvi kavu na mahindi unatikisa, chumvi ikiganda kwenye kioo ujue mabichi hayo. Inasaidia, lakini chumvi inaanza kuganda unyevu ukishapita kama asilimia 15, na kiwango cha Afrika Mashariki mwisho ni 13.5, sa hapo katikati ndo tunapoumia. Msimu uliopita nilipakia gunia 60, nimeng'ata punje za kila gunia mwenyewe, kufika kwa mteja kipimo chao kikasoma 14.8 zikarudishwa zote kwa nauli yangu. Na hasara ya hela bado ni afadhali, maana mwaka 2016 watu karibu 20 walifariki Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, na sumukuvu inatoka kwenye ukungu, na ukungu unapenda mahindi yaliyowekwa ndani kabla hayajakauka.

Kijana kanielekeza kinavyofanya kazi. Kuna vibati viwili, mahindi yanakaa katikati, maji yanatunza umeme mwingi zaidi kuliko punje kavu kwa hiyo kinasoma ile tofauti. Ila joto nalo linadanganya, mahindi yaliyotoka juani na yaliyolala ghalani yanasoma tofauti hata unyevu ukiwa mmoja, ndo maana kaweka na sensa ya joto. Alafu akakaa miezi minne anasaga mahindi, anayakausha kwenye oveni ya mikate ya dada yake, anapima uzito kabla na baada, anaandika, ya Kongwa, ya Kiteto, meupe, ya njano. Hilo daftari nimelishika, kila ukurasa una madoa ya unga. Kuunga waya wengi wanaweza, hiyo ya daftari ndo kazi yenyewe.

Akaitwa kwenye maonyesho, akapewa cheti, akapigwa picha, basi. Alipotaka kihakikiwe kitumike kwenye biashara, ofisi moja ikamtuma nyingine, ya pili ikamtaka kwanza alete barua ya ile ya kwanza, nauli ikamwishia. Mzani wangu unahakikiwa kila mwaka kwa Sheria ya Vipimo, mkulima akiona stika anatulia tunafanya biashara. Kijana anataka hiyo stika tu.

Mwaka 2018 Brian Gitta wa Uganda alitunzwa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza kwa kifaa cha kupima malaria bila kutoa damu. Wetu nao tuwaone sisi kwanza. MAKISATU, yale mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, inaibua wabunifu tangu 2019 na tunashukuru sana, ila kaa na mwenzako wa Elimu mkubaliane, anayeleta kifaa cha kupima apelekwe moja kwa moja maabara ya ugezi ya TBS, Shirika la Viwango, wanakopima kama vipimo vinasoma sawasawa, na gharama iwe ndo zawadi yake, kikifeli aonyeshwe kimefeli wapi, kikifaulu Wakala wa Vipimo wakiwekee stika, na vya kwanza vinunuliwe na serikali vigawiwe AMCOS, vyama vyetu vya ushirika wa mazao.

Anavyo vitatu mezani kwake, cha nne ninacho mimi. Tuma mtaalamu mmoja kabla ya mavuno, aje na kipimo chake cha maabara wapime pamoja hapa sokoni, gunia la kupimia nitatoa mimi.

Wako,
Mnunuzi wa mahindi, Kibaigwa