Majani ya msituni yasiuzwe kwa magunia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie biashara inayoshika kasi huku kwetu Amani, wilayani Muheza. Vijana wanaingia msituni na reki, wanakwangua majani makavu na udongo mweusi ulio chini yake, wanajaza magunia na kuyateremsha mjini kwa wenye vitalu vya maua. Vijana siwalaumu, wanatafuta riziki. Nawasema wanunuzi.

Majani hayo ni makazi ya viumbe hai. Mwenye shaka amwage konzi ya majani hayo yaliyooza kwenye sinia jeupe, kisha atulie. Huenda akamwona mdudu wa kahawia, mwenye urefu wa milimita nne au tano tu. Wataalamu humwita skizomida, naye ni jamaa wa nge na buibui. Macho hana. Miguu anayo minane, lakini hutembelea sita. Ile miwili ya mbele, mirefu na myembamba, hupapasia njia kama asiyeona na fimbo yake. Mguse kwa unyasi: anaruka kinyumenyume, unabaki kumtafuta. Mkia wake ni mfupi mno, hauna mwiba wala sumu. Jike hubeba mayai chini ya tumbo, amejifungia ndani ya kijishimo ardhini, mpaka yaanguliwe. Ni mama yupi huyo tunayemtia kwenye gunia!

Ukavu humuua upesi. Mabawa hana, kwa hiyo hawezi kuhamia mlima mwingine. Ndiyo maana kati ya spishi zaidi ya 300 za jamii hii zinazojulikana duniani, nyingi huishi eneo dogo tu. Ukikwangua kilima kimoja, pengine umemaliza ukoo mzima.

Hifadhi ya Amani inalindwa kisheria tangu 1997. Mimi nasemea misitu ya vijiji, kingo za vijito na vivuli vilivyobaki kwenye mashamba ya iliki, ambako hakuna askari. Serikali za vijiji zitunge sheria ndogo, na magunia yazuiwe kabla hayajapakiwa kwenye gari.

Wenye vitalu nao wana njia nyingine. Miche yangu ya mdalasini naikuzia kwenye mboji ya majani ya migomba, samadi ya mbuzi na pumba za mpunga. Huwekwa kivulini, hunyunyiziwa maji na kugeuzwageuzwa. Baada ya miezi mitatu hivi huwa nyeusi na laini. Anayetaka kujifunza aje, nitamwonyesha bila malipo.

Mkulima wa viungo,
Amani, Muheza