Barua ya kufunga muhula: mwaka huu hatujasoma nafasi

Wazazi wenzangu na walezi, habari za mihangaiko, na poleni na kazi ya mpunga.

Jana watoto wamefunga muhula wa kwanza, na najua wengi mlikuwa mnangoja ile shughuli yetu ya kuita majina mbele, wa kwanza fulani, wa pili fulani, mpaka wa mwisho. Mwaka huu hatujaita. Jana usiku kuna mzazi kanipigia simu analalamika kwamba mwanae kashika namba moja alafu hajapigiwa hata makofi, nikamwelewa kabisa maana mtoto kahangaika. Nafasi yake ipo kwenye ripoti, mkae naye muisome nyumbani mumpongeze. Ila Baraza la Mitihani lenyewe lilishaacha kutangaza shule kumi bora, na mimi nimechoka kumwona mtoto yuleyule anasimamishwa wa mwisho darasa la kwanza, la pili, la tatu, mpaka anazoea, na akishazoea kumtoa hapo ni kazi kubwa sana.

Sasa niwaambie tulichokiona. Mwezi wa pili tulikaa chini ya mwembe na kila mtoto wa darasa la tatu mpaka la tano, mmoja mmoja, tukampa karatasi ya kiwango cha darasa la pili, kuna silabi, kuna maneno, kuna aya, alafu hadithi fupi, ni kama kile kipimo ambacho Uwezo, wale wa utafiti wa kusoma na kuhesabu, walikuwa wanapita nacho majumbani. Watoto wa watumishi na wa pale stendi wengi hadithi wanaimaliza. Wa ng'ambo ya korongo na wa mabomani kwa wafugaji wengi wamekwama kwenye silabi. Na wote hao wanakaa darasa moja, mwalimu mmoja, kitabu kimoja! Nilishika daftari la binti mmoja wa darasa la nne, mwandiko mzuri kuliko wangu, kanakili kila kilichoandikwa ubaoni tangu Januari, limejaa tiki nyekundu. Nikamwambia nisomee hapa. Akasoma neno moja tu, "maji", kwa sababu pembeni alikuwa amechora ndoo. Hizo tiki tulizipiga sisi walimu, wazazi wangu, na hilo nimelisema kwenye kikao cha walimu bila kuficha.

Kuna mwingine, kijana wa bomani, tulimuuliza mama ana machungwa 24 kauza 9 yamebaki mangapi, kimya, anaangalia chini. Mlinzi wetu alikuwa anafagia hapo karibu, akamrudishia swali kwa Kimasai akaweka mbuzi badala ya machungwa, mtoto akajibu 15 kabla hajamaliza kuulizwa. Huyu anaenda mnadani na baba yake, hesabu anazo kichwani, kinachomkwamisha ni Kiswahili cha swali. Na mitihani yote miaka mitatu tumemwandikia sifuri.

Elimu bila malipo ilianza Januari 2016, watoto wamekuja kwa wingi na ni jambo jema sana, ila wamekuja kutoka sehemu tofauti. Kuna aliyepita darasa la awali, nyumbani anaongea Kiswahili, jioni ana tuisheni. Kuna ambaye Kiswahili kakikuta hapa hapa getini, mvua za masika korongo likijaa anakaa nyumbani wiki mbili tatu, na asubuhi hajatia kitu tumboni. Darasa la kwanza na la pili mda mwingi ni wa KKK, yaani kusoma kuandika na kuhesabu, sasa ukipitwa na miaka hiyo miwili ndo basi, darasa la tatu masomo yanakimbia na hakuna wa kukurudia silabi.

Kwa hiyo tangu mwezi wa tatu, kila siku tukitoka mstarini, kwa muda wa saa moja, tunavunja madarasa ya tatu mpaka la tano na kuwapanga upya kwa kiwango cha kusoma. Njia hii ilianzia India na sisi tumeifuata kwa uwezo wetu, kadi za silabi tumekata kwenye maboksi ya sabuni. Kundi la silabi nalishika mimi mwenyewe, pamoja na mama mmoja wa bomani anayejitolea, anawaeleza kwa Kimasai pale wanapokwama. Yule binti wa ndoo wiki iliyopita kasoma aya nzima, taratibu, kidole kwenye mstari, alafu akarudia bila kuombwa. Wapo ambao bado, siwezi kuwadanganya, hasa waliokosa wakati wa masika, hao tunaanza nao tena tukifungua.

Wenye watoto wanaofanya vizuri mmeniuliza kwenye grupu la wasap kama wanenu watarudishwa nyuma. Hapana. Kundi lao linasoma hadithi ndefu na kuandika ufupisho, na la nne wanajiandaa na upimaji wa mwezi wa kumi kama kawaida. Ila tuisheni ya kulipia, mwalimu kumfundisha jioni kwa hela mtoto wa darasa lake mwenyewe kitu ambacho asubuhi hakukifundisha, hiyo nimeisimamisha na sirudi nyuma.

Uji. Mlikubaliana wenyewe kwenye mkutano kuchangia mahindi, na nashukuru wengi mmeleta. Ila nilikuta watoto ambao kwao hawajaleta wanatolewa kwenye foleni, wanakaa ukutani wanawaangalia wenzao wakinywa. Nimekataza. Asiye na mahindi alete kuni au maziwa, na asiye na kitu kabisa aje tuongee wakubwa kwa wakubwa, mtoto atakunywa.

Alafu huu ugomvi wetu wa mashamba na mifugo. Nimekuta madawati ya wakulima na madawati ya wafugaji, wamejigawa wenyewe, wana miaka tisa! Nimewachanganya, na naomba huko nyumbani maneno ya ugomvi wetu tusiyaseme mbele yao.

Likizo hii kila mtoto wa kundi la silabi na la maneno ameazimwa vitabu viwili. Akienda machungani aende navyo, kikichanika sitadai hela. Mzazi usiyejua kusoma mwambie akusomee, wewe sikiliza tu, akisimama mwambie endelea.

Jumamosi ya kwanza baada ya kufungua tuna mkutano saa tatu asubuhi, utaendeshwa kwa Kiswahili na Kimasai, kila kitu kitatafsiriwa. Wa ng'ambo ya korongo msihangaike kuja kuchukua ripoti, kesho kutwa nakuja na pikipiki mpaka kwa mwenyekiti wa kitongoji nazileta mwenyewe.

Wenu,
Mwalimu Mkuu