Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi wa Kaunti ya Mombasa: anzeni na anayekwenda kwa miguu

Mheshimiwa Waziri,

Feri ya Likoni inapogusa gati upande wa kisiwani na mlango wake kushushwa, watu zaidi ya elfu moja hutoka kwa mkupuo mmoja na kuupanda mwinuko kuelekea Barabara ya Nyerere. Hesabu inayotajwa miaka nenda miaka rudi kuhusu kivuko hicho ni zaidi ya watu 300,000 kwa siku, na magari kama 6,000. Tuseme kila gari limebeba watu watano, ingawa mengi hayafiki hapo. Hao ni 30,000, moja ya kumi. Waliobaki wanatembea.

Tunaanza hapo kwa sababu mazungumzo ya kupunguza magari mjini huanza na mwenye gari: atashawishiwaje aliache nyumbani? Swali hilo lina wakati wake. Lililo mbele yake ni la huyu ambaye tayari hana gari. Akizidi kusukumwa hadi ukingoni mwa mtaro na kuchomwa na jua, siku akishika pesa kidogo atanunua pikipiki, na akizishika nyingi ataagiza gari kuukuu kutoka Japani. Hakuna kampeni itakayomzuia.

Ombi letu ni moja. Kaunti ijenge njia moja ya miguu na baiskeli iliyokamilika, isiyokatika popote, kuanzia kivukoni, kufuata Nyerere, kuingia Barabara ya Digo, hadi Buxton kabla ya Daraja la Nyali. Haifiki kilomita sita, na kisiwa chetu ni tambarare: mwendesha baiskeli asiye na haraka, wa kilomita 12 kwa saa, anaimaliza kwa nusu saa. Mamlaka mnayo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho, na uchukuzi wa umma barabarani. Kipande chochote kilicho chini ya KeNHA au KURA, mamlaka za kitaifa za barabara kuu na za barabara za mijini, kiandikiwe makubaliano kabla ya zabuni kutangazwa, maana mkandarasi akisimamishwa katikati ya kazi mtaro hubaki wazi, na mvua ya masika huujaza mchanga.

Upana ndio jambo la kwanza kukosewa. Mita moja ya upana hupitisha watu kama 40 kwa dakika bila kukanyagana. Watu elfu moja wa feri moja wakielekezwa kwenye njia ya mita mbili, watahitaji zaidi ya dakika 12 kupita, na kabla hawajaisha feri nyingine imefika. Ndiyo sababu huwaona wakimwagika barabarani. Madereva huwatukana kuwa hawana adabu, kumbe njia haiwatoshi. Mita tano huwapitisha kwa dakika tano. Kwa hiyo pale kivukoni panahitaji mita tano kila upande, na kuanzia pale steji za matatu zinapowagawanya, mita mbili na nusu zitatosha. Mita hizo zihesabiwe kuwa wazi kabisa. Mkandarasi asipime kutoka ukutani hadi ukingo wa barabara kisha akasimika nguzo ya taa katikati.

Juu ya mita hizo wazi, ongezeni ukanda wa mita moja na nusu upande wa barabara. Ukanda huu ndio wa taa, miti, vibao, na wachuuzi. Tunawataja wachuuzi makusudi. Muuza madafu na mkokoteni wake, muuza kahawa na dele lake juu ya makaa, mama wa viazi karai: hawa husimama pale watu wanapopita, na askari wa kaunti wakiwafukuza saa tatu, saa nne wamerudi. Wapewe ukanda wao, kabro zake, yaani matofali ya zege ya kutandika njia, ziwe za rangi tofauti, na sheria iwe moja inayoeleweka na kila mtu: bidhaa zisivuke mstari wa rangi. Askari ana kazi nyepesi zaidi kulinda mstari kuliko kufukuzana na watu.

Miti ipandwe kwenye ukanda huohuo, na hapa mwelekeo wa barabara una maana. Njia yetu inakwenda zaidi kaskazini na kusini. Jua la alasiri humpiga aliye upande wa mashariki. Miti iliyosimama ukingoni mwa barabara upande huo inakuwa magharibi yake na kumfunika saa tisa na saa kumi, wakati wa joto kali zaidi la Februari na Machi. Upande wa magharibi, majengo yenyewe humpa kivuli jioni, kwa hiyo pesa zikipungua, miti ianze mashariki. Mwarobaini unavumilia upepo wa chumvi na ukame. Upandwe kila mita nane, kwenye shimo la mita 1.2 kwa 1.2, mwanzoni mwa masika, uzungushiwe wavu kwa sababu ya mbuzi, na unyweshwe lita 20 mara mbili kwa wiki kila msimu wa kiangazi kwa miaka miwili. Miche mingi ya mjini hufa kwenye kipengele hiki cha mwisho. Mkataba hulipia kupanda na kusahau kumwagilia.

Tukae kidogo kwenye kabro, maana ndizo zinazokula pesa. Zikizama, watu huzilaumu zenyewe, na kosa huwa chini yake. Njia ya miguu inataka kabro ya milimita 60, na mahali magari yanapokatiza kuingia uani au kwenye kituo cha petroli, milimita 80. Chini yake uwepo msingi wa kokoto na kifusi wa sentimita 15, uliomwagiwa maji na kushindiliwa kwa mashine kwa tabaka mbili, kisha mchanga wa sentimita tatu hadi tano. Mawe ya ukingo yasimikwe kwa zege pande zote mbili kabla ya kabro ya kwanza kulazwa. Mkandarasi mwenye haraka hushindilia mara moja tu, akaziba tofauti kwa kuongeza mchanga, na ukingo wa nyuma akauacha. Mvua ya kwanza hupita chini, mchanga hutoroka kupitia upande ulioachwa wazi, na kabro hulegea kama meno ya mzee. Njia iinamishwe sentimita mbili kwa kila mita kuelekea mtaroni, na mtaro ufunikwe kwa vipande vya zege vinavyoinuliwa na watu wawili, ili usafishwe Machi kabla ya mvua. Vifuniko vya chuma msiviweke. Vitaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kabla ya malipo ya mwisho, mhandisi wa kaunti ang'oe kabro nne kila mita 50 na kupima kilicho chini kwa rula. Ni kazi ya siku mbili. Asilimia 10 ya pesa izuiwe hadi masika yapite. Na kila makutano kuzikwe paipu tupu za milimita 110 ukingo hadi ukingo, ili kampuni za maji na za intaneti zipitishe mambo yao bila kufukua. Atakayefukua hata hivyo aweke amana kwanza, arudishiwe baada ya kabro kurudi kama zilivyokuwa.

Kuvuka barabara. Tunawasihi msijenge daraja la juu la waenda kwa miguu. Lori linataka nafasi ya mita 5.5 chini ya daraja. Hizo ni ngazi karibu 40 kupanda na 40 kushuka, kwa mtu mwenye gunia kichwani au mtoto mgongoni. Ukitaka mwenye kiti cha magurudumu apite, mwinuko salama ni wa mita 12 kwa kila mita moja ya kwenda juu, yaani mteremko wa mita 66 kila upande. Mtu mzima hatazunguka hivyo kuvuka barabara ya mita 14, atakatiza chini, na daraja litabaki kuwa kibanda cha matangazo. Kinachofaa ni kivuko kilichoinuliwa: tuta pana lenye mgongo tambarare wa mita tatu hadi tano, sentimita 10 hadi 15 kwenda juu, lililo sawa na njia ya miguu pande zote mbili. Anayetembea hashuki. Anayeendesha ndiye anayepanda, na analazimika kupunguza mwendo.

Mwendo una hesabu yake. Kwenye lami kavu, dereva wa kilomita 50 kwa saa huhitaji karibu mita 28 tangu alipomwona mtoto hadi gari kusimama. Kwa kilomita 30, mita 13 au 14. Mpaka wa kisheria mijini ni 50, na kibao peke yake hakishushi mwendo wa mtu. Vivuko vilivyoinuliwa kila mita 150 hadi 200 vitaushusha, na visisahaulike mashimo ya maji pembeni mwake, maana tuta lisilo na njia ya maji hugeuka bwawa.

Baiskeli zipewe mita mbili kila upande, zitenganishwe na magari kwa ukingo wa zege. Mstari wa rangi hautoshi: siku ya pili umejaa bodaboda na magari yaliyowasha taa za dharura "nashuka dakika moja". Kwenye milango ya njia hiyo, nguzo fupi za zege ziachane kwa mita 1.2. Gari halipiti hapo, kiti cha magurudumu kinapita. Pikipiki nayo itapita, hilo tuseme ukweli, na huyo ni wa askari. Vyuma vya kufungia baiskeli viwe vya bomba lililopinda kama herufi U iliyopinduliwa, sentimita 75 kwenda juu, miguu imezama sentimita 30 kwenye zege, na bomba lipakwe zinki, kwa sababu chuma kitupu hakimalizi miaka michache kwa hewa yetu ya chumvi. Viwekwe mbele, machoni pa bawabu. Vikifichwa nyuma ya jengo hakuna atakayevitumia.

Nafasi yote hii itatoka wapi? Itatoka kwenye maegesho, na hapa ndipo mtapigiwa kelele. Gari moja lililoegeshwa hushika mita za mraba 12 na nusu, mahali pa baiskeli kumi. Ada ya kuegesha inapokuwa ya siku nzima, gari linalokaa mbele ya duka tangu saa mbili hadi saa kumi na mbili mara nyingi ni la mwenye duka au karani wake, na mteja anazunguka mtaa mara tatu akitafuta pa kusimama. Tozeni kwa saa, dakika 15 za kwanza bure, malipo kwa simu, na bei ipandishwe au ishushwe hadi nafasi moja katika kila saba au nane iwe tupu muda wote. Wafanyabiashara waonyeshwe hesabu hii kabla ya tingatinga kufika. Nafasi mbili za magari karibu na kila makutano zigeuzwe steji ya tuktuk, zipigwe mistari ya kukatiza: tuktuk sita zinaingia, na kona inabaki wazi kwa anayevuka.

Matatu hayasimami ovyo kwa ukorofi tu. Dereva ana hesabu ya tajiri ya kufikisha jioni, na kila abiria aliye kando ya barabara ni pesa. Kila gari liko chini ya sako, yaani ushirika wa wenye matatu, au kampuni, kwa hiyo zungumzeni na sako, kituo kwa kituo, kuhusu zamu za kupakia na muda wa kukaa. Steji ikiwa mita 40 kutoka pale watu wanapotaka kushuka, itaheshimiwa. Ikiwa mita 300, haitaheshimiwa hata mkiweka askari kumi.

Ipo hamu ya kuanza na njia maalumu ya mabasi juu ya Daraja la Nyali. Tunaiunga mkono, kwa zamu yake. Chama cha wasimamizi wa usafiri wa miji Marekani, NACTO, kinakadiria kuwa njia moja ya magari ya kibinafsi hupitisha watu 600 hadi 1,600 kwa saa, na njia ya mabasi pekee 4,000 hadi 8,000. Lakini mabasi hayo yatawashusha watu wapi, kama Digo hakuna pa kukanyaga? Tena tuwatazame jirani zetu. Mwendokasi, mfumo wa mabasi ya haraka wa Dar es Salaam, ulianza 2016 na ulibeba watu wengi tangu mwanzo, ila karakana yake iliwekwa bonde la Jangwani, na mara kadhaa Mto Msimbazi umefurika na huduma ikakwama. Mahali pa kulaza mabasi papimwe kwa maji ya masika kabla ya kupimwa kwa bei ya ardhi.

Kazi ya kwanza haihitaji zabuni. Ni kuhesabu. Wekeni vijana wenye karatasi kwenye vituo sita kati ya kivukoni na Buxton, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, wakiandika kila dakika 15: waenda kwa miguu, baiskeli, mikokoteni, tuktuk, bodaboda, matatu, magari madogo, na ndani ya kila gari watu wangapi. Iwe Jumanne, Jumatano na Alhamisi, isiwe Ramadhani wala likizo ya shule. Ijumaa ihesabiwe peke yake, kwa sababu ya swala ya adhuhuri. Kisha fungeni mita 400 za Digo kwa koni, rangi na mapipa ya mchanga kwa siku 90, mpanue njia ya miguu kwa muda, na mhesabu tena kwa karatasi zilezile. Kilichokosewa kitaonekana wakati kusahihisha bado ni kusogeza pipa.

Tunaomba hesabu hiyo ifanywe Februari, na karatasi zake zibandikwe hadharani kivukoni, Marikiti na kwenye tovuti ya kaunti ndani ya wiki mbili. Fomu ya kuhesabia tumeshaichora, ni ukurasa mmoja, na tuko tayari kuwafundisha vijana kuitumia kwa asubuhi moja bila malipo.

Wako kwa heshima,

Wahandisi wa barabara na wapangaji wa miji, wakaazi wa Mombasa